Jinsi ya Kuchagua na Kuandaa Mchezo wa Konsoli ya Zamani Kwenye Simu Yako

Karibu, ndugu mtazamaji. Katika video hii nitakuonyesha, hatua kwa hatua, namna ya kuchagua mchezo wa kampuni iliyojijengea jina kwenye konsoli, yaani mashine za kuchezea michezo ya video, kama Nintendo, Sega, Square Enix au Konami, na kuuandaa kwenye simu hadi uchezeke vizuri. Kupakua ni kazi ya dakika chache na hakuna anayehitaji kufundishwa. Kinachohitaji uangalifu ni kujua mwenye mchezo anataka kulipwa kwa njia gani, kwa sababu hapo ndipo utakapojua kama utaucheza bila mtandao, kama utahitaji pedi, yaani kidhibiti cha mkononi chenye vitufe, na kama utaukuta bado unafanya kazi miaka mitatu ijayo.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuutambua mchezo ni wa aina gani kabla hujagusa kitufe cha kusakinisha. Nitakaa hapa kwa muda, maana ukikosea katika hatua hii, zilizobaki hazitakusaidia sana.

Aina ya kwanza ni mchezo uliohamishwa kutoka kwenye konsoli ukiwa karibu vilevile ulivyokuwa. Mfano ulio mbele yako kwenye skrini ni matoleo ya Final Fantasy yaitwayo Pixel Remaster, ambayo Square Enix iliyatoa kati ya Julai 2021 na Februari 2022, michezo sita ya mwanzo ya mfululizo huo, kila mmoja ukilipiwa peke yake mara moja tu. Konami nayo ilifanya hivyo Machi 2020 ilipoleta kwenye simu Castlevania: Symphony of the Night, mchezo wa PlayStation wa mwaka 1997. Faida ya aina hii ni kwamba ukishalipa umemaliza. Udhaifu wake ni kwamba ulitungwa kwa ajili ya vidole vilivyoshika vitufe halisi, wala si kwa kioo kilicho laini kila mahali.

Aina ya pili ni mchezo ulioshonwa upya kulingana na simu. Kwa miaka mingi Nintendo ilikataa kuwapeleka wahusika wake kwenye simu, hadi Machi 2015, wakati rais wake Satoru Iwata alipotangaza ushirikiano na kampuni ya DeNA, miezi minne tu kabla ya kifo chake. Desemba 2016 ukatoka Super Mario Run kwa iPhone, na Machi 2017 ukafika kwenye Android. Ndani yake Mario hukimbia mwenyewe, na kazi yako ni kugusa skrini ili aruke: ukigusa kidogo anaruka kidogo, ukishikilia anapaa juu zaidi. Simu imesimama wima na mkono mmoja unatosha. Hatua chache za mwanzo zilikuwa za bure, na zilizobaki zilifunguliwa kwa malipo ya mara moja ya dola 9.99 nchini Marekani. Kwa maoni yangu, hili ndilo jaribio la uaminifu zaidi lililofanywa na kampuni ya konsoli kwenye simu, kwa kuwa bei ilikuwa wazi na malipo yalikuwa ya mara moja. Hata hivyo, mwaka 2017 Nintendo yenyewe ilikiri kwamba mchezo huo, ulipokwisha kupakuliwa mara milioni 200, ulikuwa bado haujafikia faida inayoridhisha. Ukijiuliza kwa nini kampuni nyingi zimekimbilia aina ya tatu, anzia hapo.

Aina hiyo ya tatu ni mchezo unaoendeshwa kama huduma. Kuupakua ni bure, lakini uhai wake uko kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni unazozifikia kwa mtandao, na mapato yanatokana na vitu vidogo vidogo unavyonunua ukiendelea kucheza. Fire Emblem Heroes, uliotoka Februari 2017, ni wa namna hii: wahusika unawapata kwa bahati nasibu, mtindo ambao Wajapani huuita gacha. Sisemi kwamba michezo hii ni mibaya, na baadhi yake imetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Lakini tazama kilichoipata Dr. Mario World, iliyoanza Julai 2019 na kufungwa tarehe 1 Novemba 2021, au Dragalia Lost, iliyoanza Septemba 2018 na kufungwa tarehe 30 Novemba 2022. Seva ilipozimwa, kila kitu ambacho wachezaji walikuwa wamekilipia kilikwenda nayo. Animal Crossing: Pocket Camp iliponea chupuchupu, kwani huduma yake ilipofungwa Novemba 2024, Nintendo ilitoa toleo jingine linalolipiwa mara moja, na wachezaji wa zamani waliweza kuhamishia humo maendeleo yao.

Hatua ya pili ni kusoma ukurasa wa mchezo kwenye duka la programu. Hakikisha kwanza kwamba jina la kampuni lililo chini ya jina la mchezo ni la mwenye mchezo halali, kwa sababu waigaji ni wengi. Chini yake utaona maneno kama "Ina matangazo" au "Ununuzi wa ndani ya programu". Maneno haya ya mwisho hayatoshi kuhukumu, maana hata mchezo unaofunguliwa wote kwa malipo mamoja huyabeba. Fungua maelezo uangalie orodha ya vitu vinavyouzwa. Ukiona kitu kimoja chenye maana ya "mchezo kamili" au "ondoa matangazo", kama Sega ilivyofanya mwaka 2017 ilipoanzisha mkusanyiko wa Sega Forever, tulia. Ukiona vifurushi vya vito au sarafu vilivyopangwa kwa bei zinazopanda, uko kwenye aina ya tatu.

Angalia pia tarehe ya sasisho la mwisho. Mwaka 2017, Apple ilipotoa iOS 11, toleo la mfumo unaoendesha iPhone, programu zote za biti 32, yaani za muundo wa zamani, ambazo hazikuwa zimesasishwa ziliacha kufunguka, na michezo mingi ya zamani iliyokwisha kununuliwa ikapotelea humo. Mchezo wa kulipia mara moja haukuzwi na mapato ya kila mwezi, kwa hiyo ni rahisi kusahauliwa na mwenyewe. Kama haujaguswa kwa miaka mingi, fikiri mara mbili kabla ya kuulipia.

Hatua ya tatu ni ya haraka. Ukishasakinisha, fungua mchezo mara moja ukiwa na mtandao ili upakue mafaili yake ya ziada, kisha uufunge kabisa, uwashe hali ya ndegeni na uufungue tena. Ukifika hadi mahali pa kucheza, mchezo uko ndani ya simu yako. Ukikwama kwenye ujumbe wa kutafuta muunganisho, unategemea seva, kama Super Mario Run ulivyotegemea mtandao tangu siku ulipotoka ingawa ulikuwa wa kulipia. Ikiwa umenunua mchezo, fanya jaribio hili siku hiyohiyo, kwani Google Play hupokea maombi ya kurudishiwa fedha ndani ya saa 48 za kwanza.

Hatua ya nne ni skrini. Michezo ya konsoli za zamani ilichorwa kwa ajili ya televisheni zenye uwiano wa 4 kwa 3, ilhali simu ya leo ni ndefu na nyembamba. Ingia kwenye mipangilio ya mchezo, na ukiona chaguo la kunyoosha picha ijaze skrini, lizime. Kama kuna chaguo la kukuza kwa namba kamili, liwashe, na nitakuonyesha sababu. Mchezo wa Mega Drive, konsoli ya zamani ya Sega, kwa kawaida una mistari 224 ya nukta za picha kutoka juu hadi chini. Kwenye skrini yenye mistari 1080, ukiukuza mara 4 kamili unapata 896, na mistari 92 inabaki nyeusi juu na mingine 92 chini. Ukilazimisha picha ijaze zote 1080, baadhi ya mistari itakuwa minene kuliko mingine, na mandhari yanapotembea utaona picha inatetemeka kama hivi. Mimi huvumilia weusi huo bila shida.

Hatua ya tano ni vidhibiti. Kitufe chenye umbo la msalaba, alichokibuni Gunpei Yokoi wa Nintendo kwa Donkey Kong ya Game & Watch, mchezo mdogo wa mkononi, mwaka 1982, kinafanya kazi kwa sababu dole gumba huhisi kingo zake bila jicho kushuka. Kwenye kioo hakuna kingo. Dole linateleza nje ya mchoro, na mhusika anasimama katikati ya mruko. Kwa mchezo wa zamu, ambamo unachagua la kufanya zamu yako inapofika, kama Final Fantasy, hilo halina madhara. Kwa Castlevania, tafuta pedi.

Fungua Bluetooth kwenye simu. Kwa DualShock 4, pedi ya PlayStation 4, shikilia pamoja kitufe cha PS na cha Share hadi taa ianze kumetameta kwa haraka. Kwa pedi ya Xbox yenye Bluetooth, washa kwanza, kisha shikilia kitufe kidogo cha kuunganisha kilicho upande wa juu hadi nembo ianze kumetameta. Chagua jina lake kwenye orodha ya simu. iPhone inazikubali pedi hizi kuanzia iOS 13. Kama pedi ilikuwa imeunganishwa na konsoli iliyo karibu, chomoa konsoli hiyo kwenye umeme kwanza, ili isije ikawaka yenyewe na kuichukua tena. Vilevile, tumia spika ya simu au vipokea sauti vya waya, kwa kuwa vile vya Bluetooth huchelewesha sauti, na ucheleweshaji huo unaharibu mruko unaotegemea mdundo.

Hatua ya mwisho ni kulinda ulichokifikia. Katika mchezo wa aina ya tatu, unganisha akaunti ya kampuni kabla ya kucheza zaidi, kisha nenda kwenye mipangilio ya duka, sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi, na udai nenosiri kwa kila malipo. Katika mchezo wa aina ya kwanza, tafuta chaguo la kuhifadhi kwenye wingu, yaani mtandaoni nje ya simu; kama halipo, fahamu kwamba kuifuta programu ni kufuta na mahali ulipofika. Cheza hadi sehemu ya kwanza ya kuhifadhi, hifadhi, zima simu, uiwashe, na ufungue mchezo kuhakikisha kwamba faili lako lipo.