Weledi wa madaktari: watafiti wamefika wapi?

NEEMA: Haya jamani karibuni tena. Leo ni weledi wa madaktari, yaani tabia na maadili yao kazini, ila si ule umbea wa daktari fulani kamjibu mgonjwa vibaya, hapana, tunataka kujua tafiti zinasema nini maana hili suala limechimbwa miaka mingi sasa, na mimi kadiri ninavyosoma naona watafiti wanamjua daktari mkorofi vizuri kuliko wanavyomjua daktari mwema.

RASHIDI: Mh, hiyo kali dada. Hebu ifungue.

NEEMA: Tuanzie 2005. Maxine Papadakis na wenzake walitoa utafiti kwenye jarida la udaktari la New England Journal of Medicine. Walichukua madaktari 235 walioadhibiwa na bodi za udaktari huko Marekani, wakawalinganisha na wenzao 469 ambao hawajawahi kuadhibiwa, wote wamepitia vyuo vitatu vilevile, halafu wakaenda kufukunyua mafaili yao ya enzi za uanafunzi.

RASHIDI: Wakakuta wale walioadhibiwa ndo walikuwa vilaza.

NEEMA: Wala! Alama za mitihani zilikuwa na mchango mdogo tu. Kilichojitokeza ni yale maneno ya walimu, huyu mahudhurio yake kliniki ni ya kubahatisha, huyu ukimwachia mgonjwa afuatilie hafuatilii, huyu ukimkosoa anakuwa mbishi. Wale waliokuwa na rekodi ya uzembe mkubwa, hesabu za uwezekano wao wa kuja kuadhibiwa zilikuwa kama mara 8.5 ukilinganisha na wasiokuwa nayo.

RASHIDI: Aisee. Basi si watolewe mapema tu, tunasubiri nini?

NEEMA: Taratibu kaka. Watu wengi wanaishia hapo hapo kwenye 8.5, hawasomi chini. Katika hao walioadhibiwa, waliokuwa na doa lolote la tabia kwenye faili ni 39% tu. Waliobaki mafaili yao ni meupe. Na kwa wale ambao hawajaadhibiwa, 19% nao wana doa na wameendelea na kazi zao. Sasa ukifukuza kwa kuangalia faili utawaonea wengi, na wakorofi wengine wengi tu watakupita hivi hivi.

RASHIDI: Halafu nchi na nchi hazifanani. Uingereza 2010 Yates na James walifanya kitu karibu hichohicho, kikatoka kwenye BMJ, jarida la udaktari la huko, wao wakapata kwamba waliokuja kukutwa na makosa mazito walikuwa zaidi wanaume, waliotoka familia za tabaka la chini, na waliosuasua masomoni mwanzoni. Ni watu 59 tu lakini, na wenyewe waliandika kabisa matokeo yachukuliwe kwa tahadhari. Mimi hapo kwenye tabaka nilisimama kidogo. Huyu mtu ana tabia mbaya kweli, au ndo yule asiyekuwa na mjomba wa kumnong'oneza nani amwone jambo likiharibika?

NEEMA: Swali zuri na data ile haiwezi kukujibu.

RASHIDI: Australia je? Ile ya malalamiko.

NEEMA: Eeh, 2013, Marie Bismark na wenzake. Malalamiko karibu 19,000 ya wagonjwa, asilimia 3 tu ya madaktari wa nchi nzima ndo wamebeba asilimia 49 ya malalamiko yote. Hiyo mimi naipenda kwa sababu haikuambii fulani ni mtu mbaya, inakuambia mtu akilalamikiwa mara kadhaa muwahini, msisubiri mpaka ifike mahakamani.

RASHIDI: Sasa mimi iliyonigusa kuliko zote ni ile ya Israeli, Riskin, 2015. Wamechukua timu 24 za wodi za watoto wachanga, daktari mmoja na manesi wawili, wanapewa mazoezi ya mtoto njiti ambaye hali inabadilika ghafla, utumbo wake unaharibika. Wanaambiwa kuna mtaalamu kutoka Marekani anawaangalia. Nusu ya timu yule mtaalamu anaongea nao vizuri tu, nusu nyingine anawaambia watu kama nyie kwenye idara yangu hamumalizi wiki.

NEEMA: Na hakuwatukana hata, eti.

RASHIDI: Hakutukana! Ni dharau tu ya kistaarabu. Lakini zile timu zilizodharauliwa zikakosea zaidi kwenye kugundua tatizo na hata kwenye kazi za mikono. Na sababu mojawapo ni kwamba waliacha kupeana taarifa na kuombana msaada, yaani mtu anaona kitu ananyamaza. Kwa hiyo ukiniambia weledi ni adabu adabu tu za juu juu, mimi nakataa, pale mtoto angekuwa wa kweli tungeongea mengine.

NEEMA: Ndo hapo sasa. Ubaya unapimika. Uje kwenye wema wenyewe. 2002 vyama vya madaktari wa magonjwa ya ndani vya Marekani na Ulaya vilitoa hati ya weledi, misingi mitatu: maslahi ya mgonjwa kwanza, mgonjwa ajiamulie, na haki katika jamii. Nzuri sana, kila mtu anainukuu. Ila Birden na wenzake walipopitia machapisho, 2014, wakasema hakuna tafsiri moja ya weledi ambayo wote wamekubaliana.

RASHIDI: Na pasipo na tafsiri kila mtu anajaza ya kwake. Si ndo yale ya bikini?

NEEMA: Hahaha nilijua utafika tu. Jarida moja la upasuaji wa mishipa ya damu, watafiti wamefungua akaunti maalumu wanapekua kurasa za mitandaoni za madaktari vijana wakihesabu yasiyo ya weledi, na kwenye orodha yao wameweka picha za bikini. Madaktari wanawake dunia nzima wakapost picha zao za ufukweni, Julai 2020 makala ikafutwa.

RASHIDI: Weledi ukageuka polisi wa mavazi.

NEEMA: Na wengi wa hao wanaoandika orodha wako Marekani, Kanada, Ulaya. Al-Eraky na wenzake walipowauliza wataalamu wa nchi za Kiarabu, ikatoka milango minne ya weledi, nafsi yako, kazi yako, watu, na Mungu. Huo wa nne kwenye ile hati ya 2002 huuoni.

RASHIDI: Mimi bado narudi kwa walimu. Hizi data zote za chuoni zinategemea mwalimu kuandika, na hawaandiki! Dudek na wenzake, Kanada, nao 2005, waliwauliza walimu kwa nini wanampitisha mwanafunzi wanayemwona kabisa hafai. Hawakuweka kumbukumbu, wanaogopa rufaa, na hata wakimfelisha hakuna mpango wa kumsaidia.

NEEMA: Kwa hiyo yale mafaili meupe ya Papadakis...

RASHIDI: Mengine huenda ni meupe kwa sababu mwalimu alichoka. Mimi hela za utafiti ningezipeleka hapo kabla ya kutunga dodoso lingine jipya la kupima weledi.

NEEMA: Madodoso yapo mengi mno kweli. Haya, tunapumzika kidogo halafu tunasoma maswali yenu.