Aliyelala Bado Anaumia

Asante, mwenyekiti. Mgonjwa aliyelala fofofo kwa propofoli, dawa ya kulaza, hana habari na kisu, lakini mwili wake unazo. Ngozi ikipasuliwa, neva zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo kama kawaida: mapigo ya moyo yanapanda, presha inaruka, pengine machozi yanamtoka huku macho yamefumba. Ndiyo maana nusu kaputi haikamiliki kwa dawa ya kulaza peke yake. Tunaongeza ya kuzima maumivu, mara nyingi fentanili au mofini, za jamii ya afyuni.

Je, dawa za kutuliza zinapunguza kiasi cha afyuni anachohitaji mgonjwa? Inategemea ni ipi. Tatizo letu ni kuzitia zote kapu moja.

Chukueni midazolamu. Inaondoa wasiwasi na inafuta kumbukumbu; maumivu yenyewe haiyagusi kwa kiasi cha kutegemewa. Ukiichanganya na fentanili, mgonjwa analala kwa dozi ndogo zaidi, ni kweli, ila na pumzi nayo inalala. Mwaka 1990 huko Marekani zilijaribiwa kwa watu 12 wenye afya waliojitolea. Kwa midazolamu peke yake, oksijeni haikuwashuka. Kwa fentanili peke yake, iliwashuka 6. Walipopewa zote mbili, iliwashuka 11, na 6 kati ya wote wakaacha kupumua kwa muda. Sasa niambieni, sifuri na sita vinaletaje kumi na moja?

Deksmedetomidini ni habari nyingine. Inapunguza noradrenalini, kemikali ya kuuweka mwili macho, kwenye shina la ubongo na inafanya kazi hadi kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo mahitaji ya afyuni yanapungua kweli, wakati wa upasuaji na hata saa za mwanzo baadaye. Pumzi haiibani sana ikiwa peke yake. Gharama yake iko kwenye moyo. Ufaransa waliilinganisha na remifentanili, nayo ya jamii ya afyuni, matokeo yakatoka 2021. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu baadhi ya wagonjwa wa deksmedetomidini mapigo yao yalishuka vibaya. Na kuna mtego mwingine, ambao mimi unanitia hofu zaidi: tumezoea kuyasoma maumivu kwenye mapigo ya moyo, na hii dawa inayashusha mapigo hata kama maumivu yapo. Mapigo sabini kwenye skrini hayamaanishi mgonjwa ameridhika.

Ketamini kwa dozi ndogo nayo inapunguza mofini ya baada ya upasuaji, kwa kuwa inazuia uti wa mgongo kuyakuza maumivu.

Shida huonekana mwishoni, kwenye kuamka. Propofoli na remifentanili huisha haraka, remifentanili kwa dakika chache tu. Kama ulibana afyuni kwa sababu mgonjwa alionekana ametulia, atafumbua macho akilia. Mtu wa zamu akikimbilia mofini nyingi kwa mkupuo mmoja, wakati midazolamu ya asubuhi bado imo mwilini, maumivu yataisha na pumzi itafuata. Mpeni kidogo kidogo, mkihesabu pumzi kwa dakika kabla ya kila nyongeza. Na msimtoe chumba cha uangalizi kwa sababu tu amenyamaza.

Naona mikono. Tuanze na dada wa nyuma.