Bahasha ya Kaki na Dick "Night Train" Lane

BARAKA: Jumanne nilimsindikiza mdogo wangu kupeleka maombi ya kazi. Ana bahasha ya kaki, vyeti vyote ndani, vimeshagongwa mhuri. Mlinzi hata geti hakufungua. Tumeni kwa mtandao, basi.

MWANAIDI: Pole yake. Na wewe nakujua, ulibishana.

BARAKA: Nilibishana sana! Kichwani nilikuwa na Dick Lane, yule mchezaji wa soka la Marekani. Los Angeles, 1952. Kijana katoka jeshini, yuko kiwanda cha ndege anabeba mabati yanayochuruzika mafuta. Siku moja anaingia ofisi za Rams, timu ya soka hilo, bila miadi, mkononi ana daftari lenye vipande vya magazeti vilivyomwandika. Anaomba majaribio, wanampa.

MWANAIDI: Mtoto aliyetelekezwa akiwa mchanga kule Austin, Texas. Mama Ella Lane akamwokota, akamlea pamoja na watoto wake. Hapo mimi huwa nasimama kidogo.

BARAKA: Aliomba awe mdakaji, yule anayepokea pasi. Nafasi zimeshikwa na Tom Fears na Elroy Hirsch, majina makubwa. Kocha Joe Stydahar akampeleka ulinzi. Msimu uleule wa kwanza akanasa pasi 14 za wapinzani.

MWANAIDI: Kwa wasiofuata soka la Marekani: kwotabeki, anayeongoza mashambulizi, anamrushia mwenzake mpira, beki wa wapinzani anauwahi hewani, na mashambulizi yanageuka kuwa ya timu yake. Lane alifanya hivyo mara 14 katika mechi 12. Sasa timu inacheza mechi 17 kwa msimu, na rekodi haijavunjwa.

BARAKA: Na ukabaji wake ulikuwa wa kutisha, anakukamata shingoni kabisa. Tutafika huko. Kwanza bahasha.

MWANAIDI: Bado tupo kwenye bahasha?

BARAKA: Tupo! Lane alipeleka karatasi zake mwenyewe. Angesubiri kuitwa, tusingemjua. Mdogo wangu nimemwambia kesho aende ofisi nyingine, akikataliwa aende ya tatu.

MWANAIDI: Ngoja, kaka. Mlango ule ulifunguliwa na watu. Toka 1934 mpaka 1945 ligi ile ya soka la Marekani, NFL, haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Rams wanahamia kutoka Cleveland mwaka 1946, wanataka uwanja wa Coliseum, mali ya umma. Waandishi weusi, Halley Harding mbele yao, wakaibana kamati ya uwanja: timu inayobagua itachezeaje hapa? Ndipo mchezaji mweusi Kenny Washington akasajiliwa, halafu mwenzake Woody Strode. Lane kafika miaka 6 baadaye.

BARAKA: Sawa, mlango ulikuwa wazi. Vijana wangapi Los Angeles waliupita? Aliyeingia ni yeye.

MWANAIDI: Umejuaje? Walioingia na daftari zao wakarudishwa, nani aliwaandika? Unamchukua mmoja aliyefaulu unamfanya kipimo cha mdogo wako.

BARAKA: Kwa hiyo nimwambie akae nyumbani?

MWANAIDI: Sijasema akae. Nasema asibebeshwe lawama za geti. Harding hakumwambia Washington ajitahidi zaidi. Alikwenda kwa wenye uwanja.

BARAKA: Na Lane hakumsubiri Harding wa pili! Hapo sikubali, dada.

MWANAIDI: Nami sikubali. Na usinipunguzie sauti.

BARAKA: Fundi wa sauti anasema dakika mbili za kipindi zimebaki. Tulikuwa na mambo matatu ya kujifunza...

MWANAIDI: Hayo yaache. Afadhali waijue safari yenyewe: mwaka 1954 kahamia Chicago Cardinals, 1960 Detroit Lions, kastaafu 1965 akiwa na pasi 68 alizonasa. Ukumbi wa Mashujaa wa soka hilo ukampokea 1974.

BARAKA: Na ukabaji wa shingo hatujaugusa!

MWANAIDI: Hatujaugusa. Alikwenda pia kufundisha vyuoni, Southern University na Central State, na kafariki mwaka 2002 hukohuko Austin. Fundi, kata.