Je, Wamisri wa Kale Walijenga kwa Kufuata Nyota?

Mabibi na mabwana, swali mlilonipa ni fupi, ila ndani yake mna maswali mawili, na ugomvi huzuka watu wanapoyachanganya. La kwanza: je, mafundi wa Misri ya kale walitumia anga kupata mwelekeo wa majengo yao? La pili: je, majengo yenyewe ni picha ya anga? La kwanza nalijibu ndiyo. La pili, subirini.

Piramidi ya mfalme Khufu pale Giza ina ubavu wa takriban mita 230, na pande zake zinaelekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi kwa kosa lisilofika sehemu moja ya kumi na tano ya digrii. Dira ya sumaku hawakuwa nayo, na wangekuwa nayo isingewafikisha hapo. Usahihi huo ulitoka juu. Juu wapi, hapo ndipo wataalamu wanapovutana. Mwaka 2000 mtaalamu wa Misri ya kale Kate Spence alisema walingoja nyota mbili za kaskazini, Kochab na Mizar, zisimame moja juu ya nyingine kwenye uzi wa timazi. Kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba, na mzunguko wake huchukua miaka kama 26,000, mstari wa nyota hizo husogea polepole. Basi tofauti ndogo kati ya piramidi na piramidi akazitumia kukadiria umri wao. Ni hoja ya kijanja mno. Lakini mhandisi Glen Dash akaonyesha kwamba hata kijiti kinatosha: kisimike siku ambayo usiku na mchana hulingana, utie alama kwenye ncha ya kivuli kutwa nzima, na alama hizo zitakupa mstari wa mashariki na magharibi, tena wenye kosa dogo linaloelemea upande uleule zilikoelemea piramidi!

Mimi naegemea nyota. Ibada ya kunyoosha kamba kabla ya kuweka msingi ilikuwepo kabla ya Khufu, na maandishi ya hekalu la Edfu yanamwonyesha mfalme akiitazama Meskhetiu, yaani nyota za Dubu Mkubwa. Tatizo ni kwamba Edfu ilijengwa zaidi ya miaka 2,000 baada ya Khufu, kwa hiyo sitawalazimisha mnifuate.

Sasa kundi la nyota la Orion. Mwandishi Robert Bauval alidai piramidi tatu za Giza ni nyota tatu za mkanda wake, kisha yeye na wenzake wakaenda mbali, wakasema mpangilio huo unafuata anga la mwaka 10,500 kabla ya Kristo. Mwanafalaki Ed Krupp akauliza: mbona ili zilingane lazima ramani igeuzwe juu chini? Kwamba Wamisri walimhusisha mfalme aliyekufa na Orion, hilo limeandikwa ndani ya piramidi ya mfalme Unas, Saqqara, halina ubishi. Lakini ukijiruhusu kuchagua nyota uitakayo na mwaka uutakao, hutakosa kufanana.

Nimalizie na hekalu la Karnak. Mwanafalaki Norman Lockyer alidhani mhimili wake unalenga machweo ya siku yenye mchana mrefu kuliko zote mwakani. Vilima vya magharibi vinayaziba. Mwanafalaki Gerald Hawkins akageukia mashariki, akakuta macheo ya siku yenye mchana mfupi kuliko zote. Kisha watafiti Juan Antonio Belmonte na Mosalam Shaltout wakapima mahekalu zaidi ya 300, wakaona mengi yanaukabili mto Nile. Na pale Karnak, mstari unaoukata Nile kwa pembe mraba ndio huohuo unaokwenda kwenye macheo hayo. Mjenzi alichagua mto au jua? Karibuni maswali.