Preseti kwanza, kyuu baadaye

Haya jamani tukae, mliosimama huko nyuma kuna viti huku mbele. Leo sifundishi meza ya kuongozea taa za steji ya kampuni moja, manake Eos ina vitufe vyake, grandMA vyake, Hog nayo hivohivo, na mtu aliyekariri vitufe akihamishiwa meza nyingine anaanza upya. Naongelea kitu kilichopo kwenye zote, yaani kwa nini preseti unazitengeneza kabla hujagusa kyuu hata moja, kyuu ikiwa ni badiliko la taa ulilorekodi ili uliite wakati wake kwenye onyesho.

Tuanzie chini kabisa. Konsoli, yaani hiyo meza, inachoiambia taa ni namba tu. DMX512, ile lugha ya meza na taa iliyotoka USITT, chama cha teknolojia ya tamthilia cha Marekani, mwaka 1986, laini moja inabeba chaneli 512 na kila chaneli inaenda 0 mpaka 255, basi. Taa haijui mlango wala jioni. Sasa chukua taa inayozunguka, pan yake, yaani kugeuka kushoto na kulia, nyuzi 540, nyingi ziko hivo, igawe kwa hatua 256 unapata nyuzi mbili na kidogo kila hatua, na mita 10 mbele hizo ni kama sentimita 37, yaani ulitaka uso wa mtu umepata bega. Ndo maana pan na tilt, ile ya juu na chini, zinapewa chaneli mbilimbili, hatua zinafika 65,536. Nani hapa anataka kuandika namba za hivo kwa taa 12 kwenye kyuu 80?

Preseti, na kuna meza zinaiita paleti, msigombane, ni hizo namba zimewekwa mahali pamoja zikapewa jina. Alafu kyuu haibebi namba zenyewe, inabeba tu "nenda kaangalie preseti ya kiti". Onyesho likihamia ukumbi ambao trasi, fremu ya chuma ya kutundikia taa, iko juu zaidi, au dairekta akasogeza kiti mita moja kushoto (na atasogeza), unarekebisha preseti moja unaapdeti, kyuu zote zilizokuwa zinaitumia zimefuata zenyewe. Ila angalia hapa, ukiita preseti ya kiti alafu ukashika gurudumu la meza ukasogeza kidoogo ukarekodi kyuu, ile taa imeshatoka kwenye preseti, kyuu imeandika namba mbichi na ukija kuapdeti yenyewe inabaki kulekule ilikokuwa. Unakuta taa 11 zinaangalia kiti na moja inaangalia sakafu, watu wanalaumu taa.

Upande wa rangi preseti inafanya kazi ambayo wengi hawaitumii. Taa ya LED inachanganya nyekundu, kijani na bluu, ile ya CMY (sayani, majenta, njano) inakata rangi kutoka kwenye mwanga mweupe, kwaiyo namba zao hazitafanana hata siku moja. Usitafute namba, simama katikati ya steji, elekeza zote kwenye kitambaa cheupe kimoja, zilinganishe kwa macho, rekodi zote kwenye preseti moja. Ndani yake kila taa inabaki na namba zake, wewe unaita jina tu. Na mwangaza usiutie humo, mimi nauacha nje kabisa, la sivyo siku unaita rangi tu na taa inawaka bila kuombwa.

Sasa kyuu, na hapa tukae kidogo. Meza nyingi za tamthilia zinafanya trakingi, yaani kyuu hairekodi picha nzima ya steji, inarekodi kilichobadilika. Kyuu 5 umepandisha taa za mbele asilimia 70, kyuu 6 umeongeza bluu nyuma, kyuu 7 umezima bluu. Taa za mbele kwenye 6 na 7 hazijaandikwa popote, ziko 70 kwa sababu hakuna aliyeziambia zishuke. Ukirudi kyuu 5 ukaweka 50, zote zinafuata, raha tupu. Lakini ukiingia kyuu 12 ukawasha taa moja ya pembeni kwa ajili ya yule mwigizaji mmoja, itaendelea kuwaka mpaka ikutane na kyuu inayoitaja, pengine ni 30, katikati ya tukio la usiku. Dawa ziko mbili: unapohariri unachagua kurekodi kyuu hiyo pekee, au mwanzo wa kila tukio unaweka bloku, kyuu inayoandika kila kitu hata ambacho hakijabadilika, ili uchafu wa nyuma usivuke. Mimi naweka bloku kila tukio na kila blakauti, yaani taa zote zikizimwa, sijali faili kuwa nzito.

Kuna kingine cha gizani. Taa imezimwa ikiwa mlangoni na nyeupe, kyuu inayofuata inaitaka kwenye kiti na nyekundu. Usipoiandaa, watazamaji wataiona inakatiza ukuta huku rangi inazunguka. Eos wanaita maki, grandMA wana MIB (move in black), kazi ni ileile, taa inatangulia kusogea ikiwa imezimwa. Lakini inahitaji giza la kutosha, ukizima kyuu 20 na kuwasha 21 nusu sekunde baadaye hakuna muujiza.

Muda wa fedi, yaani mwanga kupanda au kushuka polepole, nao mnaujua, kupanda na kushuka vinaweza kutofautiana, kwa kawaida mimi kushuka nakuchelewesha. Namba za kyuu ziacheni nafasi, 10, 20, 30, manake hiyo 15 itaombwa tu.

Kuna swali hapo? ... Ameuliza, kama ni tamasha na hakuna mpangilio wa nyimbo je. Hapo orodha ya kyuu inakufa kabisa, ila preseti ndo zinazidi kukubeba, unaziweka kwenye vitufe, pozisheni safu moja, rangi safu nyingine, mwangaza kwenye feda, vile vitufe vya kusukuma juu na chini, na unachanganya papohapo. Njooni mezani tuanze na hizo pozisheni.