Bia Usiionje kwa Macho

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Niseme mapema: mimi si mtengenezaji wa bia, wala sijawahi kuajiriwa kiwandani. Ni mnywaji tu mwenye daftari. Na daftari lenyewe lilianza kwa aibu.

Jioni moja rafiki yangu alinifunga kitambaa machoni, akaniwekea glasi mbili. Ya kwanza nyepesi, safi, inateleza. Nikatamka kwa mbwembwe, "Hii laga, tena ya manjano." Ya pili nzito, ina utamu, inapasha kifua moto. "Stauti, ile bia nyeusi nzito!" Kitambaa kilipofunguliwa, ya kwanza ilikuwa nyeusi tii, laga ya Kijerumani iitwayo schwarzbier. Ya pili iling'aa kama dhahabu: tripel, bia kali ya Ubelgiji. Waliokuwapo walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kosa langu ni la wengi. Tunaamini bia nyeusi ndiyo kali. Lakini rangi hutoka kwenye kimea, yaani shayiri iliyoloweshwa, ikaota, ikakaushwa. Ukikikaanga kimea kama kahawa, kinakuwa cheusi. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la kukaangia kimea, na tangu hapo kiasi kidogo tu kimetosha kuigeuza bia nzima kuwa nyeusi. Ukali ni habari nyingine kabisa: unategemea sukari ambayo hamira imeila na kuigeuza kilevi. Ndiyo maana Guinness Draught, pamoja na weusi wake wote, ina takriban asilimia 4.2 ya kilevi, na Westmalle Tripel, yenye rangi ya dhahabu, ina 9.5.

Hamira, basi. Hapo ndipo nilipokwama miaka, na sijatoka. Hamira ya laga hufanya kazi kwenye baridi, nyuzi 7 hadi 13 hivi, polepole, kisha bia hulazwa wiki kadhaa itulie. Ya eli, ile jamii nyingine kubwa ya bia, hupenda joto zaidi, hufanya kazi kwa pupa, na hutoa manukato mengi. Chukueni bia ya ngano ya Bavaria, kule Ujerumani. Mara ya kwanza nilipoinusa niliigeuza chupa kutafuta wapi wameandika ndizi. Hakuna ndizi, wala karafuu ile unayoisikia nyuma yake. Ni hamira tupu! Na kemikali inayotoa harufu hiyo ya ndizi ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye tunda lenyewe. Ajabu ni kwamba sheria ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu) na maji. Hamira haikutajwa, ingawa ndiyo mfanyakazi mkuu. Ilibidi kungoja mpaka 1883, pale Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, alipofaulu kuzalisha hamira safi kutokana na seli moja.

Pilsna ya mji wa Plzeň, Ucheki, ya mwaka 1842 mnaijua, ndiyo bibi wa laga nyingi za manjano. IPA, ile eli yenye hopsi nyingi, nitaipita, wapenzi wake hawahitaji mhubiri.

Ila lambic, bia ya Ubelgiji yenye uchachu, siwezi kuiruka. Karibu na Brussels, katika miezi ya baridi, wapishi huacha uji wa kimea wazi usiku kucha kwenye beseni pana la kina kifupi, hamira za mwituni zijiingilie zenyewe. Kisha hukaa kwenye mapipa ya mbao, pengine miaka. Glasi yangu ya kwanza ilikuwa chachu kama ndimu changa, na ilinukia ngozi ya tandiko la farasi. Niliimwaga nusu. Kwenye daftari niliandika neno moja ambalo silisomi mbele ya watu. Ya tatu niliimaliza, nikailamba midomo.

Jambo la mwisho: msiinywe bia ikiwa baridi ya barafu. Baridi kali huficha harufu, na bila harufu ulimi hubaki na uchungu, utamu na uchachu tu. Iacheni glasi mkononi dakika kumi, muinuse tena, mtaona kama mmebadilishiwa.

Vikombe vya udongo viko pale mezani, vinne kwa kila mtu, vimefunikwa. Taa tutazipunguza. Tafadhali, msichungulie.