Sarafu Iliyokaa Kabatini

Mabibi na mabwana, naanza na ajali. Machi 9, 1962, mkusanyaji wa sarafu, George Walton, alifariki barabarani huko North Carolina, Marekani. Garini mlikuwa na sarafu zake, na mojawapo ilikuwa nikeli ya senti 5 yenye sura ya Liberty, yule mwanamke anayewakilisha uhuru, na mwaka 1913. Zinajulikana tano tu duniani. Wataalamu walioikagua baadaye wakasema ni bandia, mwaka umechezewa. Dada yake akaipokea, akaihifadhi kabatini.

Kosa lao si la kijinga. Mghushi mvivu huchukua sarafu ya kawaida akabadilisha tarakimu moja, kwa hiyo jicho la fundi hukimbilia huko kwanza. Unaishika kwa ukingo, unaiinamisha kwenye mwanga na kuizungusha polepole chini ya lenzi. Tarakimu ya kubandika huwa na ufa mwembamba miguuni pake, na mng'aro unaoizunguka umekatika.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulichanganya kila siku. Mkwaruzo uliochimbika umeipata sarafu baada ya kuzaliwa. Mstari ulioinuka umetoka kwenye chapa, yaani muhuri wa chuma unaopigia sarafu, kwa sababu chapa ikikwaruzika, mkwaruzo ule hutokea kwenye sarafu kama kinundu. Sarafu zilizopigwa kwa chapa moja hushiriki vinundu hivyo kama ndugu wa tumbo moja wanavyoshiriki pua.

Sasa, pua ya mtu mmoja peke yake itakuambia nini? Sarafu ile ilihukumiwa bila ndugu zake. Julai 2003 wenzake wanne walikutanishwa kwenye maonyesho Baltimore, na familia ikaja na ile ya kabatini. Usiku huo wataalamu sita wakazilinganisha zote tano. Hakuna aliyepinga: ni halali. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita tangu ajali!

Kuhusu daraja, yaani alama ya hali ya sarafu, sitakawia. Kipimo ni 1 hadi 70, na asili yake ni William Sheldon, aliyekibuni mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Ya Walton ilipewa 63. Na kabla hamjaniuliza: hapana, kuisugua hakupandishi daraja. Kitambaa laini tu huacha nywele za mikwaruzo, na mkaguzi huziona kabla hajaketi vizuri.

Tuje kwenye nasaba, yaani sarafu imepita mikononi mwa nani, maana hapa ndipo wengi hulewa karatasi. Kumbukumbu za kiwanda cha serikali hazionyeshi kwamba nikeli za Liberty zilipigwa mwaka 1913. Mwishoni mwa 1919, Samuel Brown, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha Philadelphia, alitangaza kwamba anazinunua, dola 500 kila moja. Mwaka 1920 akaonekana nazo Chicago. Mimi naona alikuwa anajishonea nasaba: anatangaza anatafuta kitu kilichomo mfukoni mwake. Wengi wanaoijua habari hii wanashuku vivyo hivyo. Lakini zilipomfikia Kanali Green, mkusanyaji tajiri aliyezimiliki zote tano, mnyororo unashikika.

Kwa hiyo mtu akinionyesha risiti, namuuliza ina picha? Risiti inayosema "nikeli moja, 1913" inaivaa sarafu yoyote, hata ya bandia. Ninayoitaka ni picha ya katalogi ya zamani, niweke kidole kwenye kovu dogo la shavuni, kisha nilitafute kovu lile lile kwenye chuma kilicho mkononi mwangu. Lisipokuwepo, hizo ni karatasi za sarafu nyingine.

Aprili 2013 ile ya Walton iliuzwa mnadani kwa dola 3,172,500. Ajali, hukumu ya makosa na lile kabati, vyote sasa ni sehemu ya nasaba yake.

Haya, mliokuja na sarafu zenu, zileteni hapa mezani. Wewe wa nyuma, acha kuifuta.